Gundi Nyumbani kwa Bimkubwa

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu tumeamka vizuri, Mama anafua kama kawaida na mimi nasoma kama kawaida. Wasiwasi wetu wote uko kwenye mguu wako. Mwalimu wetu wa darasa anasema mtu aliyelazwa apelekewe habari za kutosha ili siku zisimchoshe, kwa hiyo nitajitahidi kuandika kwa urefu.

Mbwa wako Gundi amefika salama. Dereva wa lori alimteremsha mlangoni kwetu jana alasiri, kamba shingoni, vipande vya sponji ya makochi yako bado vimenasa kwenye manyoya yake. Dereva akasema, "Mzigo wa fundi makochi huu. Umelala njia nzima, hata honi haukusikia." Mama alimtazama Gundi kwa muda, akasema, "Kwani ndugu wengine wote wa wifi yangu wamehama dunia?" Lakini Gundi alipewa maji kabla ya dereva.

Sasa habari yenyewe. Unamkumbuka Bimkubwa, paka wetu? Ulipokuja wakati wa msiba wa Baba alikuwa mdogo wa kuingia ndani ya soksi. Siku hizi ndiye mwenye nyumba. Hulala juu ya foronya zilizopigwa pasi, na Mama, ambaye hakubali hata inzi atue kwenye foronya ya mteja, humwachia moja. Gundi alipoingia, Bimkubwa alivimba akawa paka wawili, akaruka juu ya kabati, na mpaka naandika barua hii hajashuka ila kwa haja zake. Gundi anadhani ni mchezo. Anasimama chini ya kabati, anatikisa mkia na kubweka kwa furaha. Kila akibweka, yule juu anatema mate.

Mama amesema hivi: "Akae mpaka shule ifungwe. Wakielewana, sawa. Wasipoelewana, mlinzi wa ghala la saruji anatafuta mbwa." Shangazi, namjua mbwa aliyekuwa pale zamani. Nilikuwa nampita nikienda shule. Mnyororo wake ulikuwa mfupi, na alilala kwenye vumbi la saruji mpaka akawa na rangi ya ukuta, ukimtafuta unaona macho tu. Sitaki Gundi awe na rangi ya ukuta.

Nimemuuliza Mama kama ukipona utakuja kumchukua, au utakuja kukaa naye hapa. Mama alisema pasi imeshapata moto.

Naomba unifundishe la kufanya.

Mtoto wa kaka yako

*

14 Februari

Sindano wangu,

Marahaba. Bado ni mwembamba vilevile, au mama yako ameanza kukulisha? Msalimie. Mwambie asante kwa maji ya Gundi.

Usiniulize mguu. Mguu una watu wake wanaolipwa kuuuliza. Umening'inizwa kwa kamba na uzito upande wa pili, nami nimelala chini yake kama kochi lililopinduliwa likingoja fundi. Dirishani naona ubavu wa tangi la maji na njiwa. Dawa wanayonipa mchana hunibeba taratibu, nalala macho wazi. Jana niliona vitanda vyote vya wodi hii vimechakaa, vinahitaji vitambaa vipya, nikaanza kuvichagulia rangi. Kitanda cha jirani nilikipa kijani cha majani machanga. Muuguzi alipokuja nikamwambia asikikalie, gundi haijakauka.

Haya, sikiliza kwa makini. Unakumbuka nilivyokuonyesha kuvika kiti kitambaa? Hupigi misumari upande mmoja mpaka mwisho. Ukifanya hivyo kitambaa kinakwenda kombo na hakirudi. Unapiga mmoja katikati mbele, mmoja katikati nyuma, mmoja kushoto, mmoja kulia, kisha unaanza tena, unavuta kidogo tu kila mara. Fanya hivyo hivyo kwa hao wawili. Kidogo kwa mbwa, kidogo kwa paka, na usiharakishe upande wowote.

Kwanza watenganishe. Gundi akae chumba kimoja, mlango ufungwe, yule bibi yenu abaki na nyumba yake. Walishe wakati mmoja, kila mtu upande wake wa mlango, sahani mbali na mlango mwanzoni, kisha kila siku karibu kidogo. Wajifunze kwamba mwenzao akiwapo, chakula kipo. Pili, chukua kitambaa, mpanguse Gundi mashavuni na shingoni, ukiweke mahali paka anapokula. Kingine mpanguse paka, umpelekee Gundi. Wanyama hujuana kwa pua. Macho huja baadaye, na ugomvi huanzia kwenye macho.

Nikitoka hapa nina pa kwenda, usihangaike na hilo.

Shangazi yako, mguu mmoja hewani

*

25 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama anarudisha salamu. Nilipomsomea "asante kwa maji" alisema, "Ni maji ya bomba tu," lakini alitabasamu akiutazama ukuta. Barua zako humsomea anapopiga pasi. Hasemi kama anasikiliza, ila nikisoma pasi huenda polepole.

Nimefuata maelekezo yako yote. Gundi anakaa kwenye stoo ya sabuni. Anapiga chafya sana siku za kufungua mfuko mpya, lakini hajalalamika. Asubuhi na jioni nawawekea chakula, yeye ndani, Bimkubwa nje. Mwanzoni Bimkubwa alikula akiwa ameupa mlango mgongo, kama mtu aliyekaa meza moja na anayemdai. Sasa anakula akiwa ameupa ubavu. Nadhani huo ni msumari wa kwanza.

Kuhusu vitambaa: nilimpangusa Gundi mashavuni na shingoni kama ulivyosema. Kitambaa kilichafuka sana. Nikakifua, nikakisuuza mara mbili, nikakipiga pasi, nikakikunja pembe nne na kukiweka chini ya sahani ya Bimkubwa. Hakukijali hata kidogo. Alikikalia na kujilamba. Vivyo hivyo kwa Gundi, cha kwake nilikitia na maji ya kunukia ya kulainisha nguo, akakilalia. Shangazi, nina furaha kukuambia kwamba wamekubaliana mapema kuliko tulivyotarajia.

Mchana nikirudi kutoka shule, mashuka ya nyumba ya wageni huwa yamejaa uani, kamba baada ya kamba, na upepo ukipita kati yake unasikia kama watu wengi wanavuta pumzi pamoja. Hukaa pale na daftari langu, nikafikiri kwamba hata wewe ungependa kukaa pale. Kuna kivuli cheupe. Sijawahi kuona kivuli cheupe mahali pengine.

Mtoto wa kaka yako

*

9 Machi

Sindano,

Marahaba mara kumi. Nimecheka mpaka uzito wa mguu ukacheza na muuguzi akaja mbio akidhani nimeshikwa na kifafa. Nikamsomea barua yako. Naye akacheka, akaisoma tena kwa wodi nzima. Jirani yangu ambaye hajasema neno tangu aletwe ameuliza, "Akakipiga na pasi?"

Mwanangu, umempelekea paka harufu ya sabuni. Hiyo anaijua tangu azaliwe. Na Gundi umempelekea harufu ya maua ya dukani. Hao hawajakutana bado. Rudia, na safari hii usifue. Najua inakuuma, najua umelelewa nyumba gani. Mpanguse, na hicho kitambaa kikiwa hivyo hivyo na uchafu wake kiweke. Kitambaa kilichofuliwa hakina mtu ndani yake. Nilipata kumwambia mama yako maneno hayo hayo. Tuyaache hapo.

Paka akivimba akikinusa, usimkaripie. Mpe muda na kipande cha samaki. Akishaweza kukilalia bila kuvimba, ndipo ufungue mlango, na Gundi afungwe kamba, umtembeze kwanza mpaka ulimi umtoke. Mbwa aliyechoka ana adabu. Bimkubwa mtengenezee njia ya juu, asilazimike kugusa sakafu. Na kamwe usimbebe paka ukampeleka kwa mbwa. Aliyebebwa hajaja.

Siku hizi wananikalisha mchana. Dunia ya kukaa ni ngeni, dari limekwenda mbali sana. Njiwa wa kwenye tangi wamepata mtoto, au nimeota.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa dari kwenda mbali. Mimi mzima, ila nimeaibika kidogo kwa ile pasi. Nilifundishwa kwamba hupeleki kitu kichafu kwa mwenzako.

Nilirudia. Bimkubwa alikinusa kitambaa, akavimba, akakipiga konzi, akakaa mbali akikitazama mchana kutwa. Nikafurahi, maana hata wewe ulisema huenda akavimba. Kesho yake nilirudi kutoka shule nikakikuta kwenye kamba, cheupe, kimebanwa kwa vibanio viwili.

"Mama, kile kitambaa kilikuwa cha kazi."

"Kazi gani ya kitambaa kinachonuka mbwa? Hii ni nyumba ya dobi, wateja wanaingia hapa."

"Shangazi amesema kitambaa kilichofuliwa hakina mtu ndani yake."

Nilisema bila kufikiri. Mama aliweka pasi kwenye kigoda chake. Akasema, "Alikuja siku ya pili ya msiba, akataka sweta la baba yako. Lile la kijivu. Nilikuwa nimeshalifua. Nilifua kila kitu chake, mpaka kofia."

"Kwa nini, Mama?"

"Kufua nilikujua. Kingine cha kufanya sikukijua."

Kisha akaichukua pasi. Mimi nilitoka nikasimama kati ya mashuka. Shangazi, sikuulizi ulimjibu nini. Nakuambia tu kwamba hapakuwa na jua siku hiyo na nguo zote zilikauka polepole.

Nimempangusa tena Gundi na kuficha kitambaa juu ya kabati, anapopita Bimkubwa tu. Njia ya juu nimeitengeneza kwa makasha ya sabuni: kutoka kabatini hadi rafu, kutoka rafu hadi meza ya pasi, kutoka meza hadi dirisha. Bimkubwa huipita taratibu kama mkaguzi wa madaraja.

Nasubiri barua yako.

Mtoto wa kaka yako

*

8 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua yako, labda imechelewa njiani. Shule imefungwa. Nimefaulu vizuri. Mama ni mzima, Gundi ni mzima, Bimkubwa ni mzima. Mambo yote yanakwenda vizuri kama ulivyoelekeza. Hakuna la zaidi.

Mtoto wa kaka yako

*

15 Aprili

Sindano,

Marahaba. Usishtuke, huu ni mwandiko wa muuguzi, mimi nasema yeye anaandika. Homa ilinichukua ikanipeleka mbali, ndiyo maana nilikaa kimya. Niliota makochi yote niliyowahi kuyavika yamekuja kunitazama. Yalikaa kuzunguka kitanda, yale ya zamani mbele, yakangoja nianze mazungumzo. Nikayauliza kama yanakaliwa vizuri. Sasa homa imeondoka. Mikono tu ndiyo inatetemeka, siwezi kushika kalamu.

Barua yako ya mwisho nimesomewa. Nani ameifua? Imenyooka, imekunjwa pembe nne, haina mtu ndani yake. Kuna jambo huniambii. Mimi ni mgonjwa wa mguu, si wa masikio. Niambie.

Na kuhusu sweta, mama yako alikueleza vizuri kuliko ambavyo ningekueleza mimi.

Shangazi yako

Mdogo wangu, sasa naandika mimi muuguzi, yeye amesinzia. Wageni wa kitanda hiki ni barua zako tu. Anasema kila siku kwamba akitoka anarudi karakanani kwake, lakini mwenye chumba alimtuma mtu kusema ameshampangisha mwingine, na vifaa vyake vimewekwa kwa jirani. Atatembea, ila kwa magongo, na kwa muda mrefu. Nisamehe kwa kuingilia. Nina shangazi pia.

*

24 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba homa imeondoka. Usimkasirikie muuguzi kwa jambo nitakalokueleza mwishoni. Nitaanza na langu.

Ni kweli kuna jambo. Mwanzoni mwa mwezi Bimkubwa alianza kukilalia kile kitambaa juu ya kabati. Nilifurahi kupita kiasi. Shule ilikuwa inakaribia kufungwa na nilitaka Mama awaone pamoja, kwa hiyo nilifungua mlango wa stoo bila kumtembeza Gundi na bila kamba. Nilivuta kitambaa upande mmoja mpaka mwisho, Shangazi. Bimkubwa alitoka mbio uani, Gundi nyuma yake, na mashuka yote ya nyumba ya wageni yakaenda nao. Kamba ilikatika. Gundi alijiviringa ndani ya shuka moja akawa anakimbia haoni, kama harusi iliyopotea njia. Mama hakupiga kelele. Aliokota mashuka moja moja kutoka kwenye matope, akayarudisha kwenye beseni, akasema bila kunitazama, "Mwambie mlinzi wa ghala aje Ijumaa." Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nikarudi nikakuandikia kwamba mambo yote yanakwenda vizuri.

Ijumaa hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Tukaingiza mashuka ndani, tukayaanika ukuta hadi ukuta, sebuleni, kwenye korido, juu ya milango. Nyumba ikawa nyeupe na yenye ukungu wa mvuke, huoni mtu, unaona miguu. Nilimfunga Gundi kamba kwenye mguu wa meza ya pasi, nikakaa naye sakafuni ili nimuage. Mvua ilikuwa inagonga bati, na Mama alikuwa anapiga pasi foronya. Mbele yetu palikuwa na shuka, na nyuma ya shuka palikuwa na dirisha, na kati ya dirisha na shuka alikuwa Bimkubwa. Tulikiona kivuli chake kikipita, kikubwa kama cha ng'ombe, kisha kidogo. Gundi alikitazama. Hakubweka. Hapakuwa na mtu wa kumbwekea, palikuwa na harufu tu, na harufu ile alikuwa ameilalia siku nyingi. Akaweka kidevu chini.

Ukingo wa shuka ulinyanyuka kidogo. Pua ikatoka, na masharubu. Ilikaa pale muda ambao sikupumua. Kisha Bimkubwa mzima akatoka chini ya shuka, akatembea sakafuni, yeye ambaye tangu Februari hajagusa sakafu ya chumba hicho, akamnusa Gundi sikio. Gundi alifumba macho. Bimkubwa akampiga kofi moja, bila kucha, la kumjulisha tu, akakaa karibu na mkia wake na kuanza kujilamba.

Nikasikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa amesimama na pasi juu ya foronya, anatazama. Foronya ilikuwa imepata alama ya pasi ya rangi ya chai. Sijawahi kumwona Mama akiunguza nguo.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mlinzi wa ghala, koti lote maji, mnyororo mkononi. Mama alisimama mlangoni.

"Nimefuata mbwa, mama."

"Mbwa gani?"

"Si binti yako alisema? Yule pale, naona mkia."

"Yule si mbwa, yule ni mzigo wa wifi yangu. Mzigo wa mtu haugawiwi."

"Sasa mama, mvua yote hii unaniita bure?"

"Ingia ukaushe koti, nikupigie pasi. Bure hakuna."

Akakaa akakaushiwa koti na kupigiwa pasi. Aliondoka akinuka vizuri na mnyororo wake mfukoni.

Tangu siku hiyo wanakula chumba kimoja. Si marafiki, nisikudanganye tena. Gundi akisahau adabu anapigwa kofi, na mimi siwaachi peke yao nikienda dukani. Ila mchana jua likiingia dirishani wanalala kwenye kipande kimoja cha jua, yeye huku na yeye kule, na jua likisogea, nao wanasogea.

Sasa la mwisho. Barua yako nilimsomea Mama kama kawaida. Nilipofika kwenye maneno aliyoongeza muuguzi, niliyasoma yote kabla sijajua ninasoma nini. Kwa hiyo tunajua habari za karakana, na za magongo. Mama hakusema kitu. Lakini jana nilimkuta ameihamishia meza ya pasi kwenye korido, na chumba cha pasi kimebaki kitupu, kimefagiliwa. Kile chumba kina mlango mpana na hakina ngazi. Nina hakika anataka uje. Njoo, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako

*

4 Mei

Sindano,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe, usijali herufi zikiyumba. Muuguzi nimemnunia mchana kutwa, naye amekubali kununiwa, huku ananichana nywele.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa mahali pa kipande cha jua. Nikifumba macho nakiona. Jana nilikiona kimepita sakafu ya wodi, kikapanda kitandani kwangu, nikajisogeza kukipa nafasi.

Lakini tuseme kweli. Mimi na mama yako ni mawifi. Tumeheshimiana kwa sababu tulikaa mbali, na tulipokaribiana mara moja, siku ile ya sweta, unajua ilivyokuwa. Mimi nina gundi, vumbi, na mbwa, na sasa magongo. Yeye ana nyumba nyeupe. Mtu huhamisha meza kwa sababu nyingi. Labda korido ina upepo mzuri.

Wewe ni mtoto wa kutumaini, mwanangu. Baba yako alikuwa hivyo, akiona wingu anatoa ndoo. Sikulaumu, lakini siwezi kupanda lori na mguu huu kwa ajili ya matumaini yako. Muulize mama yako. Usiniandikie unavyodhani, wala unavyotaka. Niandikie alichosema, maneno yake mwenyewe, hata yakiwa machungu. Kama hakusema kitu, andika kwamba hakusema kitu.

Wananitoa mwisho wa mwezi. Wanauliza anwani, nami nimewaambia wangoje.

Shangazi yako

*

13 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumeamka salama. Shule imefunguliwa. Gundi ameacha kupiga chafya kwa sababu halali tena stoo. Bimkubwa ametapika kwenye kiatu changu, mambo ni ya kawaida.

Nimemuuliza Mama kama ulivyoagiza. Alikuwa anakunja mashuka, nami nimeshika ncha za upande wa pili, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Naandika kila neno.

Nilisema, "Mama, Shangazi anauliza umesemaje."

"Nimesemaje kuhusu nini?"

"Kuhusu yeye kuja."

"Kwani mimi nimesema kitu?"

"Hujasema. Ndiyo anauliza."

Tukakunja shuka hilo mpaka likaisha. Tukachukua jingine. Mama akasema, "Huyo wifi yangu tangu zamani lazima asikie kwa masikio. Haya, lete kalamu. Andika: chumba cha pasi ni chake, kina jua asubuhi. Andika: gundi ya kuchemsha haichemshwi ndani ya nyumba hii, atachemshia uani, na si siku ya mashuka. Andika: mimi huanza kufua alfajiri na beseni zangu zina kelele, akichukia kelele atavumilia. Na makochi yake asiyalete yote. Alete moja, zuri. Sina hata kiti cha maana cha kukalia jioni."

Niliandika. Nikamuuliza kama yapo mengine. Alilainisha shuka kwa kiganja ingawa lilikuwa limeshanyooka. Akasema, "Nguo zake zitakuwa na harufu ya hospitali. Nitamuuliza kabla sijazifua."

Halafu akasema dereva wa lori anapita huko mwisho wa mwezi, ameshaongea naye, atatandika godoro nyuma, na Gundi atakwenda naye kukuchukua ili usichoke njiani peke yako. Nilimuuliza lini aliongea naye. Akasema, "Kabla ya kuhamisha meza. Unadhani korido ina upepo mzuri?"

Kwa hiyo waambie hospitali anwani ni hii yetu.

Mwishoni nilitaka kumalizia barua kwa adabu, nikamuuliza, "Niandike 'Karibu sana nyumbani kwetu'?" Mama alinichukua shuka mikononi, akaliweka juu ya mengine.

"Karibu anaambiwa mgeni," alisema. "Mwandikie akifika asipige hodi. Asukume mlango."

Hayo ndiyo aliyosema. Sijaongeza neno.

Mtoto wa kaka yako